Mgombea wangu kaangushwa kwenye mchujo, nisaini agombee binafsi?

Wakuu, wakubwa shikamooni. Niko Minneapolis, Marekani, nina uraia wa huku. Mgombea niliyempigia kampeni nyumba kwa nyumba, kwenye theluji mpaka soli ya kiatu ikabanduka, kaangushwa kwenye mchujo wa chama. Sasa wenzangu wanakusanya saini za kumwomba agombee urais kama mgombea binafsi. Karatasi iko hapa mezani, pembeni ya chai, sijaigusa.

Moyo unasema saini. Lakini nakumbuka 1980: John Anderson alishindwa na Reagan ndani ya chama cha Republican, akatoka kivyake, akapata kama asilimia 6.6 na hakuambulia hata jimbo moja. 1912 Theodore Roosevelt, tena rais mstaafu, alinyimwa tiketi ya Republican akaanzisha chama chake, wakagawana kura na Taft wa Republican, Wilson wa Democrat akapita kiulaini. Halafu majimbo mengine yanamzuia aliyeshindwa mchujo kurudi kwenye karatasi ya kura. Gary Johnson 2012 alikwama jimbo la Michigan kwa kuchelewa dakika tatu kujitoa kwenye mchujo wa Republican. Dakika tatu, jamani!

Mke wangu anasema huu ni uchungu wa kufungwa tu, kama wa shabiki wa Simba. Labda.

Mliowahi kupiga kura huku, mngesaini? Wanakuja kuchukua karatasi yao Jumamosi.