Tupeane uzoefu: rafiki wa kulia naye kila siku, alikupunguzia au alikuongezea?

Kahawa Chungu (mleta mada)
Wakuu, habari za usiku. Leo kwenye daladala ya Mbagala nimekaa nyuma ya mabinti wawili. Kutoka Kariakoo hadi Rangi Tatu wanachambua meseji moja ya mwanaume: "Sawa." Kwa nini ameweka nukta? Nikakumbuka mimi na mwenzangu mwaka wa mwisho chuo. Siongelei umbea, naongelea kile kilio cha shida ile ile, kwa mtu yule yule, mkimaliza mnaanza upya. Waliopitia waje. Mlitokaje?

Fundi Rejeta
Nukta ni ishu nzito mkuu, usidharau.

Binti Pangani
Mada imenigusa pabaya. Tulipomaliza chuo tulipanga chumba Sinza na rafiki yangu, tumwite Z. Yeye kaachwa, mimi natuma barua za kazi hazijibiwi. Tukawa tunapokezana. Taa imezimwa, neti imeshushwa, anaanza: "Hivi unadhani aliniacha kabla ya Pasaka au baada?" Tunafungua picha za zamani, tunapekua nani ali-like. Akichoka yeye, naanza mimi: wenzetu wote wameajiriwa, sisi tuna nuksi gani? Hakuna hata usiku mmoja tuliosema kesho tufanye hivi. Na niwaambie ukweli, sijawahi kupendana na mtu kama nilivyopendana na Z kipindi kile. Hapo ndipo watu hawatuelewi.

Mwili ukaanza kukataa. Naamka saa tisa usiku, usingizi haurudi. Chakula kinaninukia. Kuoga mpaka nijilazimishe, simu ya mama naiangalia inaita mpaka inakata. Nikaenda zahanati nikijua ni malaria, hamna. Taifodi, hamna. Niliporudi tena na kichwa, tabibu akaweka kalamu chini: "Dada, mara ya mwisho kufurahia kitu ni lini?" Nililia mpaka nesi akaja kufunga mlango. Nikaandikiwa rufaa kitengo cha afya ya akili, na ndiko nilikoambiwa ni sonona. Mimi nilidhani kule wanapelekwa wanaookota makopo.

Usiku nikamsimulia Z. Akajibu, "Afadhali wewe umepimwa, mimi je?" Tukaanza kushindana nani anaumwa zaidi.

Mzigua wa Town
Hapo mwisho nimeshika kichwa.

Mama Wawili
Pole mdogo wangu. Mama ulimwambia?

Binti Pangani
Baadaye, dada. Alikuja na basi la asubuhi. Hakuuliza kitu, akaanza kufua mashuka.

Msukuma Halisi
Haya mambo ya kina dada. Mwanaume unaangalia mpira, yanaisha.

Mzigua wa Town
Yanaisha au unalala nayo? Hapo mtaani kwako wangapi wanayazimia kwenye viroba?

Msukuma Halisi
Viroba vilipigwa marufuku 2017, wewe unaishi wapi?

Daktari Mtarajiwa
Msigombane. Jambo hili limechunguzwa. Amanda Rose wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, aliandika mwaka 2002 kuhusu marafiki wanaotafuna tatizo pamoja bila kulimaliza. Mwaka 2007 yeye na wenzake wakatoa matokeo ya wanafunzi 813 waliofuatiliwa kwa miezi 6. Wasichana waliofanya hivyo, urafiki ulikua na huzuni na wasiwasi vikakua pia. Wavulana ulikua urafiki tu. Ndiyo maana ni vigumu kujinasua, maana kinachokuumiza ndicho kinachokupa rafiki.

Msukuma Halisi
Umeona? Nilisema.

Daktari Mtarajiwa
Kaka, hao wavulana walikuwa WANAONGEA. Wewe huongei.

Fundi Rejeta
Missouri na Rangi Tatu wapi na wapi.

Chaki na Vumbi
Basi chukua Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 pale Mbare, Harare, akawafundisha kukaa na watu kwenye benchi. Bibi anakusikiliza mpaka umemwaga yote, halafu anakwambia: katika haya, chagua moja, na kabla hatujaagana tupange utaanzaje. Yaliyobaki yanasubiri. Matokeo yalichapishwa 2016, waliopita kwenye benchi walipungukiwa na dalili kuliko wenzao. Mpango ukafika mpaka Zanzibar.

Mama Wawili
Bibi yangu angekupa jembe kwanza ndipo akusikilize.

Abiria wa Mwisho
Ngoja niwape yangu. Tulikuwa watano, grupu la WhatsApp tumeliita Wahanga. Wote hatuna kazi, bando lote linaishia kwenye malalamiko. Aliyekuwa anatutoa machozi zaidi ni jamaa mmoja, sauti za dakika nne nne, analia kabisa, usaili umemtupa tena. Siku hiyo naenda benki kumwekea mzee hela ya mbolea. Nainua macho dirishani: ni YEYE. Tai, beji yenye jina. Akaniangalia usoni akasema, "Karibu mteja." Kumbe kaajiriwa tangu mwaka uliopita! Na usiku ule ule akatuma sauti kulalamikia kodi ya chumba.

Fundi Rejeta
KARIBU MTEJA 😂😂😂 nimedondoka

Mzigua wa Town
Nyoka huyo.

Binti Pangani
Nyoka wapi? Angesema kapata kazi, angebaki na nani? Mngemtoa.

Abiria wa Mwisho
Tulimtoa.

Binti Pangani
Si ndiyo hivyo.

Kahawa Chungu
Wakuu turudi kwenye mada, mlitokaje?

Mzigua wa Town
Kata mguu, badilisha namba.

Mama Wawili
Usimkimbie mwenye sonona! Msikilize, ila mkiwa mnamenya viazi au mnatembea, mikono isikae bure. Na akigusia habari ya kufa, hiyo si siri ya kutunziana. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake.

Msukuma Halisi
Hapo kwenye kutembea naunga mkono. Mimi na mshkaji tunatembea kila Jumapili.

Mzigua wa Town
Mnaongea nini?

Msukuma Halisi
Mpira.

Fundi Rejeta
Abiria, na nyie wanne mliobaki, kazi mlipata?

Abiria wa Mwisho
Bado. Ila kuna mmoja hajalalamika tangu Jumatatu. Tunamwangalia tu.