Tupeane uzoefu: Dodoma inapokua, vijiji vya jirani vinapata nini na vinapoteza nini?

Ndugu wanajukwaa, Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma, na ile ya 2022 ikahesabu watu 765,179 katika Jiji. Katikati ya sensa hizo Serikali ilianza kuhamia hapa, na Aprili 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Mchumi wa Uswidi, Gunnar Myrdal, alieleza kwamba mji unaokua hueneza neema pembezoni, lakini pia huvuta kutoka huko vijana na mitaji. Naomba kila mmoja asimulie aliyoyaona kwao, upande wowote kati ya hizo mbili.

Mchangiaji wa Ihumwa
Shukrani kwa mada hii. Shamba la familia yetu lilikuwa la mtama na karanga. Mji wa Serikali ulipoanza kujengwa Mtumba, madalali walifika kila wiki, na wazee wetu, ambao hawakuwahi kushika fedha nyingi kiasi kile kwa mkupuo, waliuza karibu eneo lote kabla halijapimwa. Fedha zilijenga nyumba ya bati na kulipa ada za shule, jambo ambalo silibezi hata kidogo, lakini leo tunanunua dukani unga ambao zamani tuliutoa ghalani. Jirani yetu alisubiri upimaji, akabaki na viwanja vyake, na sasa huuza kimoja anapokuwa na shida kubwa, huku vingine akivijenga vyumba vya kupangisha. Kwa maoni yangu, tofauti kati ya familia hizi mbili haikutokana na bidii. Mmoja alijua thamani ya ardhi iliyopimwa. Sisi hatukuelezwa na mtu yeyote.

Mchangiaji wa Bahi
Kwetu hali ni njema zaidi. Mpunga na kuku wa kienyeji vina wateja mjini, na kwa kuwa barabara ya lami inapita hapa, mama zangu wadogo hupeleka mzigo asubuhi na kurudi jioni na fedha taslimu.

Mchangiaji wa Chamwino
Nakubaliana na ndugu wa Bahi kuhusu soko, ila tusisahau mkaa. Jiji linapika, na vichaka vyetu vinapungua. Mchomaji hubaki na sehemu ndogo ya bei anayolipa mlaji, wakati mmomonyoko wa udongo unabaki kijijini.

Mchangiaji wa Hombolo
Wakubwa zangu, mimi nalima zabibu. Wakazi wapya wa mjini wamesaidia kununua zabibu za mezani, lakini zile za mvinyo bado zinategemea wasindikaji wachache, na zabibu ikishaiva haimsubiri mnunuzi. Kilichonishtua zaidi ni vibarua. Kupogoa mizabibu kunahitaji mikono iliyozoea, na kijana niliyemfundisha mwenyewe sasa ni saidia fundi mjini, kwa ujira wa siku ambao shamba langu haliwezi kuufikia. Simlaumu. Msimu huu nimepogoa sehemu tu ya shamba pamoja na mke wangu, na tunajadiliana na majirani tuwe tunasaidiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwake, kama wazee walivyofanya wakati wa palizi ya uwele.