Naomba ushauri: kufundisha walei ngazi ya nne ya unyenyekevu

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Naandaa mafungo ya walei (waumini wasio mapadre wala watawa) juu ya sura ya 7 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya watawa, yenye ngazi 12 za unyenyekevu. Inayonitatiza ni ya nne: kuvumilia magumu, hata dhuluma, kwa moyo mtulivu bila kukimbia. Ikisomwa peke yake, mama anayepigwa nyumbani ataondoka akiamini kunyamaza ndio utakatifu, na hiyo ni hatari kweli. Ngazi ya tano inataka moyo ufunguliwe kwa abati, yaani mkuu wa monasteri. Sura ya 68 inamruhusu mtawa aliyelemewa na agizo kueleza sababu zake kwa upole. Je, nitangulize sura ya 68? Na mlei asiye na abati amfungulie nani moyo: paroko, au mlezi wa kiroho?