Je, 2147483647 ni namba tasa?

Karani_Mbale
Habari zenu wanajamvi. Naandika hesabu za ushirika wa kahawa huku Mbale. Malipo ya wakulima yalipovuka shilingi bilioni mbili programu yetu ikagoma: kila nikiingiza risiti, jumla inabaki 2,147,483,647. Fundi ameshaitengeneza, hilo limekwisha. Ila namba yenyewe imenikaa kichwani. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 46, kwa hiyo 3 haiingii. Ukigawanya kwa 7 inabaki 1, kwa 11 inabaki 1, kwa 13 inabaki 10. Ipo namba inayoigawanya pasipo baki, mbali na 1 na yenyewe? Na mtu atajuaje bila kujaribu maelfu?

Mwalimu_Arua
Haipo, dada. Ni namba tasa, na mwanahisabati Leonhard Euler alishalithibitisha hilo kufikia 1772, kwa kalamu. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo hakuna aliyejua namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Namba yako ni 2^31 (2 thelathini na moja zikizidishwa pamoja) ukitoa 1. Kipeuo chake cha pili ni 46,340 na ushei, basi huna haja ya kujaribu kupita hapo. Uzuri wenyewe unaanzia hapa. Tuseme namba tasa p inaigawanya. Ukigawanya 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa p, baki inarudi kuwa 1 kila baada ya hatua 31. Kanuni ya mwanahisabati Fermat inasema baki ni 1 pia kwenye hatua ya p−1. Kwa hiyo 31 lazima iingie kwenye p−1, na kwa kuwa p ni witiri, 62 nayo inaingia. Kuna sharti jingine: p ikigawanywa kwa 8 ibaki 1 au 7. Unganisha yote mawili: p ikigawanywa kwa 248 lazima ibaki 1 au 63.

Zinabaki namba 373 tu, na nyingi unazitupa papo hapo: 249 ina 3, 497 ina 7, 745 ina 5. Ya kwanza ya kujaribu kweli ni 311. Inaingia mara 6,905,092, inabaki 35. Inayofuata ni 1303! Wanafunzi wangu wakifika hapo hawataki kengele ilie.

Kodi_Kampala
Programu yenu ilitenga biti 32 (nafasi za kuandika 0 au 1) kwa kila namba, moja ya alama ya kujumlisha au kutoa, zikabaki 31. Saa za kompyuta zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa mtindo huohuo zitafika kikomo 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu.

Karani_Mbale
Asante sana Mwalimu. 1303 imebakiza 226. Kisha nikahamia 2^29 ukitoa 1, yaani 536,870,911. Hapo p ikigawanywa kwa 58 ibaki 1, na kwa 8 ibaki 1 au 7. Namba tasa ya kwanza inayotimiza yote ni 233, na imeingia palepale: 233 × 2,304,167!

Mwalimu_Arua
Safi kabisa. Sasa vunja hiyo 2,304,167 kwa masharti yaleyale. Anza na 1103.