Tunawezaje kuomba uwanja wa skeiti wa umma katika Jiji la Mbeya?

Mkazi wa Ilomba:
Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninaandika kwa niaba ya vijana wa skeiti (ule ubao wenye magurudumu) wa hapa Mbeya, wengi wao wanafunzi wa sekondari, ambao hawana mahali pa kufanyia mazoezi isipokuwa maegesho ya magari siku za Jumapili na vipande vya lami katika mitaa ya Forest. Walinzi huwafukuza, na hilo ninalielewa. Linalonitia hofu ni wale wanaoshuka hadi barabara kuu na kujishikiza nyuma ya malori yaendayo Tunduma, tena kwenye miteremko kama ule wa Iwambi, ambako hata dereva mzoefu hushuka kwa dua. Mchezo huu umo katika Olimpiki tangu ile ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, lakini mitaani bado unaitwa uhuni. Tunakusudia kumwandikia Mkurugenzi wa Jiji atujengee uwanja, na ikishindikana tuombe ule mkopo wa asilimia 10 wa vikundi. Je, njia hii ni sahihi?

Mpimaji Mstaafu:
Mwanangu, nianze na mkopo, kwa kuwa hapo mtapoteza muda. Fedha hizo, ambazo ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu), hukopeshwa kwa vikundi vyenye shughuli ya kuingiza kipato na ni lazima zirejeshwe. Uwanja wa bure utazirejesha kwa kipato gani?

Kuhusu barua, msiombe kujengewa; ombeni ardhi. Kila eneo lililopimwa mjini lina matumizi yake kwenye mchoro wa mipango miji, na kiwanja kilichotengwa kwa makazi au biashara hakigeuki cha michezo kwa sababu tu kiko wazi na watoto wanakichezea. Kubadilisha matumizi kuna utaratibu wake chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, nao ni mrefu. Nendeni ofisi ya mipango miji mkiwa na jina la mtaa, mwombe kuoneshwa ni maeneo gani yameandikwa kuwa ya wazi au ya michezo, mchague moja, ndipo mrudi kwa mwenyekiti wa mtaa. Hoja ikipita katika mkutano wa wakazi na kuandikwa kwenye muhtasari, itapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani ataibeba hadi kwenye Baraza la Madiwani akiwa na karatasi mkononi. Angalieni pia kalenda: mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mapendekezo hukusanywa miezi mingi kabla, hivyo barua ya mwezi Mei hukuta bajeti imekwisha kufungwa.

Kijana wa Uyole:
Mzee, shikamoo. Kwa heshima zote, utaratibu huo utawachosha vijana kabla zege halijamwagwa. Mwaka 1990, vijana wa Portland nchini Marekani walianza kujijengea chini ya daraja la Burnside bila kibali, na baadaye jiji likawakubalia. Kitintale, kule Kampala, vijana walijijengea uwanja wao mwaka 2006. Kwa nini tusianze na kipande kidogo kando ya barabara, viongozi wakaona faida kwa macho yao?

Mpimaji Mstaafu:
Marahaba. Kando ya barabara kuu ni hifadhi ya barabara, mita 30 kila upande kutoka katikati, na mtakachojenga humo kitawekewa alama ya X na kuvunjwa bila fidia. Kitintale ni mfano mzuri wa kujitolea nguvukazi. Hilo lifanyeni, ila juu ya ardhi isiyo na mgogoro.

Fundi Zege:
Niongeze la ujenzi. Uwanja wa skeiti si sakafu ya kawaida, kwa sababu magurudumu ya skeiti ni madogo na kokoto moja iliyochomoza humwangusha mtu. Kazi kubwa iko kwenye kulainisha mikunjo, na fundi aliyezoea nyumba atahitaji kujaribia kipande kwanza. Hapa kwetu msijenge kati ya Novemba na Aprili, kwa kuwa mvua itaharibu uso wa zege, na shimo la kutelezea lisilo na njia ya kutoa maji litageuka bwawa la mbu. Kiangazi nacho kina mambo yake: baridi ya Julai huchelewesha zege kukaza, na upepo wa Agosti hulikausha juu likapasuka, kwa hiyo lifunikwe na kumwagiliwa siku zisizopungua saba. Eneo tambarare kidogo lenye ngazi, vyuma na matuta ya chini ni nafuu kuliko mabakuli, yaani mashimo ya kina, yanayoonekana kwenye video, na wanaoanza hulitumia zaidi.

Mama wa Isanga:
Mimi ninaishi jirani na eneo la wazi, na mkinijia na hoja hii mkutanoni nitauliza maswali matatu ambayo hamjayagusa: nani atafagia, nani atazima kelele saa mbili usiku, na binti yangu atakuwa na nafasi au atakaa pembeni akitazama kaka zake? Mkileta majibu yaliyoandikwa, pamoja na majina ya kamati yenye wazazi ndani yake, nitanyoosha mkono kuunga mkono. Mkileta picha za Ulaya tu, nitapinga, na sitakuwa peke yangu.

Mkazi wa Ilomba:
Nawashukuru nyote. Mama, shikamoo, maswali yako tutayaweka ukurasa wa kwanza, na kuhusu mabinti tunafikiria kutenga saa zao, jambo ambalo ningependa wao wenyewe waliamue. Mzee, swali la mwisho: shule moja ya sekondari iko tayari kutupa kona ya uwanja wake. Je, tuichukue wakati tukisubiri?

Mpimaji Mstaafu:
Kwa mazoezi ya vifaa vya mbao vinavyohamishika, ichukueni, mkiwa na barua ya mkuu wa shule na ya bodi. Zege msimwage hapo. Mkuu wa shule akihamishwa, mrithi wake hafungwi na ahadi ya mdomo, na saa za masomo geti litafungwa kwa kila asiye mwanafunzi.