Nyanya zinapukutisha maua na hili joto la kaskazi, nifanyeje?

Binti Chumbageni
Habarini wakuu. Niko Tanga mjini, nina bustani ndogo nyuma ya nyumba: nyanya, bamia na mchicha. Tangu Februari ianze nyanya zinatoa maua vizuri, kisha yanakauka kwenye kikonyo na kudondoka. Wadudu siwaoni. Namwagilia asubuhi na mchana, hali ile ile. Chache zilizoshika zinaiva rangi ya chungwa, wekundu hazifikii. Duka la pembejeo wameniambia ninunue busta, ile mbolea ya kunyunyizia majani. Itasaidia?

Mkulima wa Pongwe
Hela ya busta itunze kwanza, dada. Hiyo si njaa ya mbolea, ni joto. Mchana ukipita nyuzi 32 hivi na usiku nao usipopoa, chavua ya nyanya inaharibika, na ua lisilochavushwa mti unalitupa. Usiku wa Februari hapa kwetu unaujua mwenyewe.

Hata hiyo rangi ni joto. Juu ya nyuzi 30 tunda haliwezi kutengeneza wekundu wake. Basi usisubiri liivie mtini. Likianza tu kubadilika kitakoni, lichume alfajiri, litandaze kwenye ungo ndani, penye hewa na kivuli. Frijini usiweke, ladha inapotea.

Ezeka kichanja cha makuti upande wa jua la alasiri, ila usibananishe, mwanga upenye. Chini tandaza nyasi kavu, zisiguse shina. Maji mwaga asubuhi mapema, mengi kwa mpigo mmoja, yafike mizizini. Ukikausha leo ukafurikisha kesho, zitaoza kitako.

Mimi miezi hii roho yangu iko kwenye bamia. Joto ndilo zinalolitaka! Zichume kila baada ya siku moja, zikiwa na urefu wa kidole na bado zinakatika kwa ncha. Ukiacha zikomae mtini, mti unapunguza kuzaa. Vaa mikono mirefu, vinyweleo vyake vinawasha.

Mama wa Raskazone
Mwanangu, maji ni ya bomba au ya kisima? Huku karibu na bahari kiangazi visima vinazidi chumvi. Yaonje. Kama ni ya chumvi, mwaga chini tu, majani yasilowe, yataungua kingo. Mchicha utavumilia, maharage usijaribu.

Binti Chumbageni
Shikamoo mama. Ni ya kisima, na kweli yana chumvi kidogo. Ahsanteni sana, makuti nayafuata kesho. Nyanya mpya nisie lini? Masika yakianza?

Mkulima wa Pongwe
Masika yatakuletea bakajani, ule ugonjwa wa ukungu unaokausha majani, utapiga dawa mpaka uchoke. Ningekuwa wewe ningesia kitaluni mwishoni mwa Aprili, nihamishe miche mvua zikipungua, ichanue wakati wa kusi usiku ukiwa umepoa. Hapo katikati panda matembele, mvua inayapenda.