Mrejesho: kifaa cha mdomoni cha kuzuia pumzi kukatika usingizini

Wakuu, miezi sita iliyopita niliuliza kama kifaa cha kuvaa mdomoni kinaweza kunifaa, baada ya kushindwana na mashine ya kusukuma hewa kooni wakati wa kulala. Kipimo cha usingizi kilionyesha pumzi inakatika au kupungua mara 22 kwa saa, yaani kiwango cha kati (15 hadi 30).

Nimetengenezewa na daktari wa meno. Vipande viwili, cha juu na cha chini, vimeunganishwa kwa skrubu ndogo pembeni. Vinavuta taya la chini mbele, ulimi unafuata, koo halizibi. Hatukwenda kwa pupa: nusu milimita kila wiki.

Wiki ya kwanza ni mate tu! Mto unalowa kama wa mtoto anayeota meno. Asubuhi meno hayakutani, nikitafuna nahisi nimeazimwa taya la mtu. Nilipewa kibao cha kung'ata dakika chache, yanarudi.

Aliyeniambia "usitegemee ushahidi wa mkeo, pima tena", asante sana. Koromo liliisha mapema, mke akashangilia, kumbe kipimo cha usingizi nikiwa nimevaa kifaa kilisema mara 12 kwa saa. Tukaongeza milimita moja, kikashuka hadi 6.

Mashine ingeshusha zaidi, najua. Ila yangu ilikuwa inalala kabatini, mimi kitandani. Meno naendelea kukaguliwa, maana kifaa hiki huweza kuyasogeza polepole.